Tunda Limelika

Katika nyumba ya fundi mkuu hapakuwa na mtu aliyewahi kuvunja kitu. Vitu vilivunjika vyenyewe. Glasi zilianguka, mwavuli ulipotea, siku ya kikao cha wazazi ilipita, na yeye baba wa nyumba alisimama katikati ya maafa yote hayo hana hili wala lile. Siku moja alikuwa anajipigia pasi shati la kwenda kanisani. Moshi ukafuka. "Shati limeungua," akatangaza. Pasi mkononi, jamani! Pasi iko mkononi mwake, naye anatoa taarifa kama mpita njia.

Mkewe alikuwa mwalimu wa Kiswahili, darasa la tano, na kwa miaka kumi na mitano ya ndoa aliyasikia hayo akayameza. Mara mojamoja tu alimchokoza. "Baba Kasuku, kwani pasi ilijishika yenyewe?" Fundi alikuwa akicheka, akimwambia aache sarufi shuleni, na mambo yakaishia hapo.

Kasuku ndiye binti yao, mwenye umri wa miaka saba. Walimpa jina hilo kwa sababu lolote lililosemwa ndani ya nyumba ile lilitoka kinywani mwake kesho yake, tena kwa mikogo ileile ya mwenye kulisema.

Msije mkadhani fundi alikuwa mtu mbaya. Hapana. Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mchapakazi, na kanisani alikuwa katibu wa umoja wa akina baba. Kazini walimwita Askofu, maana hakuingia chini ya lori bila kuvua kofia na kuomba kwanza. Karakana yao ilitunza malori thelathini ya kampuni moja ya usafirishaji, na ufunguo wa kabati lenye kopo la rangi nyeupe aliushika yeye.

Kopo lile halikuwa la mapambo. Pale karakana, fundi akifunga gurudumu hukaza nati zote kwa mkono kwanza, kisha huzirudia kwa spana ndefu iliyovikwa bomba, akiiegemea kwa uzito wake wote mpaka chuma kilie. Baada ya hapo, na baada ya hapo tu, huchovya brashi na kupitisha mstari mweupe kutoka kwenye kila nati hadi kwenye chuma cha gurudumu. Dereva akiona mstari umekatika, anajua nati imezunguka. Akiuona mzima, hagusi kitu, anapanda na kuondoka. Madereva walikuwa na usemi wao kwamba rangi ya Askofu imetosha, na wengine walikuwa wameendesha miaka mingi kwa imani hiyo.

Sasa, Jumanne moja, saa sita kasoro, Askofu alikuwa anafunga gurudumu la mbele la lori la Konokono. Konokono alikuwa dereva mwenye miaka kumi na tisa barabarani na hakuna aliyewahi kumwona ana haraka. Wenzake walidai kwamba kwenye mlima hata mikokoteni ilimpigia kengele apishe njia. Nati kumi zilishakazwa kwa mkono. Brashi ilikuwa tayari, kopo liko wazi. Simu ikalia.

Alikuwa mchungaji. Jumapili ya akina baba inakaribia, akasema, nasi tumeona wewe ndiye utufundishe. Somo ni "Mwanamume na Wajibu Wake."

Tusidanganyane, Askofu alivimba kichwa. Akaegemeza simu begani, akanyoosha mgongo, na kwa kuwa rangi ilikuwa inaanza kushika ngozi kwenye kopo, mkono wake ukapitisha mistari kumi safi kabisa huku kinywa kikisema amina mchungaji, amina, nimepokea. Spana nitaishika nikitoka kula, akajiambia. Akaenda kula. Aliporudi akakuta lori jingine limeletwa na breki mbovu, akavua kofia, akaomba, akaingia chini yake. Saa nane Konokono akaja, akalizunguka lori lake polepole kama desturi yake, akahesabu mistari kumi mizima, akapanda.

Gurudumu lilichomoka kwenye mteremko. Kama dereva angekuwa mwingine yeyote tungekuwa tunazungumza mambo mengine hapa, ila kwa mwendo ule wa Konokono lori liliyumba, likaparamia rundo la mchanga wa wajenzi, likalala ubavu. Mifuko ya saruji ilimwagika barabarani. Konokono aliteguka bega. Nati hazikuonekana hata moja.

Kesho yake meneja, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alimwita Askofu ofisini.

"Nini kilitokea, fundi?"

"Nati zililegea, mama."

"Dereva anasema aliona rangi."

Hapo Askofu akashikwa na hofu. Akaona sura ya mchungaji, akaona kiti chake cha ukatibu, akaona madereva wote waliompa heshima. Akasikia kinywa chake kikijibu chenyewe. "Rangi hukaa sana, mama. Huenda ilikuwa ya zamani."

"Kwa hiyo alichukua lori kabla hujamaliza kazi, wala hakuangalia."

Askofu akatazama viatu vyake. "Huenda ilitokea hivyo."

Wakampa karatasi aandike taarifa. Aliandika mistari miwili: Nati zililegea. Lori liliondoka kabla halijakabidhiwa. Ukiisoma unaweza kudhani nati na lori walikuwa na kikao chao wenyewe, binadamu hakualikwa. Kikao cha Konokono kikapangwa Jumatatu, na kila mtu pale karakana alijua maana yake. Dereva anayeondoka na lori ambalo halijakabidhiwa haulizwi mara mbili. Anaachishwa kazi, na hakuna kampuni nyingine itakayompa ufunguo.

Alhamisi asubuhi jagi la maji lilipasuka jikoni. Askofu alitoka chumbani na shati lililofungwa nusu.

"Nani kavunja jagi?"

"Jagi limevunjika," akajibu Kasuku, ametulia tuli, mikono nyuma.

"Limevunjika! Jagi lina miguu? Lilipanda mezani likajitupa? Katika nyumba hii tunasema ukweli, umenisikia?"

Mwalimu alikuwa anafunga mkoba wake. Alimtazama tu mumewe, mtazamo ule wa mwalimu anayesubiri mtoto agundue kosa lake mwenyewe ubaoni. Askofu akarudi chumbani kumalizia vifungo, akakifunga cha juu kwenye tundu la chini.

Jumamosi mchana alikaa kwenye meza ya jikoni na kurasa nne za somo lake. Mkewe alikaa upande wa pili na insha za wanafunzi arobaini na kalamu nyekundu. Kasuku alikuwa sakafuni, anamsuka mwanasesere nywele.

"Mwalimu, nipitishie hapa," Askofu akasema, akisukuma karatasi zake. "Koma na nukta tu. Maudhui yako sawa."

Mwalimu akapokea. Alisoma bila haraka, na mara kwa mara kalamu ikazungushia neno. Aliporudisha, Askofu alikuta pembezoni mwa kurasa neno moja jekundu likijirudia. "Makosa yakitokea nyumbani..." Nani? "Sala ya familia husahaulika..." Nani? "Ahadi zikivunjwa..." Nani? Alihesabu saba.

"Nani, nani, nani. Hii ni nini?"

"Ndivyo ninavyowaandikia watoto wangu. Mtoto akiniandikia dirisha la darasa lilivunjika, namuuliza, nani?"

"Lakini hili ni somo la kanisani, mke wangu, si insha. Umefika ukurasa wa tatu? Umeona nilivyombana Adamu?"

Alikuwa amembana kweli, na aliupenda ukurasa ule kuliko yote. Akausoma kwa sauti, kidole hewani. Mungu anaingia bustanini na swali moja, na mwanamume mzima, aliyepewa bustani nzima aitunze, anamsonta mkewe kidole! Ni huyu mwanamke, tena uliyenipa wewe! Aibu gani hiyo, ndugu zangu akina baba!

Mwalimu alicheka mpaka akaweka kalamu chini. "Mwonee huruma Adamu wa watu. Yeye angalau alitaja mtu. Na ukisoma vizuri, mwisho kabisa neno lilimtoka. Alisema nikala. Adamu angelelewa katika nyumba hii, angemwambia Mungu tunda limelika."

"Tunda limelika!" Kasuku akadaka kutoka sakafuni. "Tunda limelika! Baba, tunda limelika!" Na mikogo yote ya baba yake ikiwemo, kifua mbele, nyusi juu, mikono miwili wazi kuonesha haina kitu.

Askofu alicheka. Alicheka kwa nguvu, maana utani ulikuwa mzuri na mtoto alikuwa amempatia barabara. Halafu akaiona ile mikono miwili midogo iliyo wazi, na kicheko kikakatika. Mkewe akarudi kwenye insha zake, akafika ya tatu, ya nne, ndipo akainua macho na kumkuta mumewe amekunja uso kama mtu anayeumwa jino.

"Vipi?"

"Mwalimu," akasema. "Zile nati hazikuka..." Akajikatiza hapo. "Sikuzikaza. Mimi. Nilipaka rangi kabla ya kukaza, nikaenda kula, nikasahau."

Mwalimu alifunika kalamu yake kwa kifuniko.

"Konokono aliona rangi," Askofu akaendelea, na sasa maneno yalikuwa yanatoka kwa vurugu. "Aliona rangi yangu, mbichi, akaiamini. Na mimi nikamwambia meneja huenda ilikuwa ya zamani. Jumatatu wanamfukuza. Nimeona haya, mke wangu. Nimeona haya mpaka kula siwezi."

"Nilidhani ni tumbo."

"Si tumbo."

"Watakufukuza wewe," akasema mwalimu, na sauti yake ilitetemeka, maana naye ni binadamu, alikuwa na mtoto wa kusomesha na nyumba ya kupanga.

"Ndiyo maana nilinyamaza. Nilikuwa nawalinda nyinyi."

"Ah, hapo hapana!" Mwalimu akapiga meza kwa kiganja, insha zikaruka. "Hapo usitutie. Umeogopa, sema umeogopa, hata mimi naogopa sasa hivi. Lakini usituweke mimi na huyu mtoto mbele yako tukukinge, halafu ukaite kutulinda. Anayelinda anasimama mbele yeye."

Askofu akainamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza katika ndoa ile hakutafuta kisingizio. "Niliogopa," akasema.

"Nani mwingine anajua?"

"Mungu. Wewe. Na Kasuku."

Wote wawili wakamtazama Kasuku, aliyekuwa ameacha nywele za mwanasesere na masikio yamesimama.

"Basi siri hii haitafika Jumatatu," akasema mwalimu. "Mpaka jioni mtaa mzima utakuwa nayo. Vaa viatu, baba. Jumatatu ni ya meneja. Leo ni ya mwenye bega."

Mlango wa Konokono ulikuwa wazi. Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kochi, mkono mmoja umefungwa kitambaa shingoni, anahangaika kufunga kamba za viatu kwa mkono uliobaki. Mkewe alikuwa ameanika shati jeupe kwenye mgongo wa kiti. Ndilo la Jumatatu.

"Askofu! Karibu, karibu. Mama, mletee fundi maji." Konokono alisogea kumpisha. "Najizoeza viatu. Sitaki niingie kwa meneja kamba zinaburuta."

Askofu hakuketi. Alijua akiketi atapewa maji, akipewa maji wataulizana habari za nyumbani, na mpaka hapo ujasiri utakuwa umekwisha.

"Unajua, fundi," Konokono akaendelea, akitazama kiatu chake, "nimefikiri sana. Mimi niliona mistari kumi. Naiona hata sasa nikifumba macho. Lakini wanasema ilikuwa ya zamani, na wewe ndiye fundi. Basi nimeanza kujiuliza, labda macho yananidanganya. Labda nimezeeka. Jana nilimwomba mama watoto anivushe barabara."

Kama kuna kitu kilichomvunja Askofu siku ile, ni hicho. Si kufukuzwa kwa Konokono, ambako alikuwa amekufikiria siku nne mfululizo, ila mtu mzima wa miaka kumi na tisa barabarani kuomba avushwe.

"Macho yako ni mazima," akasema. "Uliona rangi mbichi. Niliipaka mimi kabla sijakaza. Nilisahau kukaza, kisha nikamdanganya meneja. Bega hilo nimelitegua mimi."

Mke wa Konokono alikuwa mlangoni na bilauri ya maji. Aliishusha mezani kwa kishindo.

"Siku nne!" akasema. "Siku nne mume wangu anajipima macho kwa kusoma kalenda ya ukutani, na wewe uko huko unavua kofia unaomba! Unamwomba nani?"

"Una haki, mama."

"Najua nina haki, sihitaji uniambie!"

"Mwache kidogo," Konokono akasema kwa upole wake uleule wa mlimani. Aliinua uso. "Hebu rudia, fundi."

"Nilisahau kukaza."

"Hapana. Pale mwanzo."

Askofu akafikiri. "Macho yako ni mazima."

Konokono alishusha pumzi iliyotoka mbali. Machozi yalimtiririka na wala hakuyafuta, mkono wake mmoja ulikuwa bado umeshika kamba ya kiatu. "Kumbe niliona," akasema. "Mama, umesikia? Niliona." Mkewe alikuja akakaa karibu naye, akamshika bega zima. Hakuna aliyemwambia Askofu amesamehewa, na mwenyewe hakuuliza. Alipiga goti, akamfunga Konokono kamba za kiatu, mafundo mawili, akaaga.

Jumapili asubuhi alimfuata mchungaji kabla ya ibada, akamweleza yote. "Na somo sitafundisha leo," akamaliza. "Sijaliandaa." Mchungaji aliziona kurasa nne zilizochungulia mfukoni, akaona na wino mwekundu, akamshika mkono bila kuuliza. Siku hiyo akina baba walifundishwa na mzee mwingine, naye Askofu alikaa benchi la nyuma akaandika dondoo kama mgeni.

Jumatatu, kabla meneja hajafungua faili, Askofu alisimama. "Mama, taarifa yangu ina makosa. Nimekuja kuisahihisha."

"Kosa gani?"

"Imeandikwa nati zililegea. Andika fundi hakuzikaza. Imeandikwa lori liliondoka kabla halijakabidhiwa. Nililikabidhi mimi, kwa rangi yangu mwenyewe. Dereva hakukosea popote. Tena mchanga ule aliuchagua yeye, mama. Wajenzi wanasema upande wa pili kulikuwa na watu wanangoja kuvuka."

Meneja alivua miwani. "Unaelewa unachokisema?"

"Naelewa." Aliogopa hadi mwisho, na alisema hadi mwisho.

Hawakumfukuza, ingawa siku mbili nzima hakujua hivyo na mwalimu hakulala vizuri. Walimvua ukuu wa mafundi, wakampeleka kuziba matairi kwa miezi sita, na ufunguo wa kopo la rangi wakampa fundi mwenzake. Pale karakana walimcheka, si mnawajua. "Askofu kavuliwa kofia," walisema, na wengine wakiona tairi limeisha upepo waliuliza limejitoboa au limetobolewa. Alivumilia. Kuna siku aliudhika hasa, akarudi nyumbani amenuna, akamwaga chai kwenye insha za watu.

"Chai ime..." akaanza.

Mwalimu na Kasuku wakageuka kwa pamoja.

"Nimemwaga chai," akasema, na Kasuku akampigia makofi. Wiki hiyohiyo Kasuku mwenyewe alikuja amebeba vipande vya sahani kwenye sketi. "Baba, nimevunja," akasema, midomo ikitetemeka. Askofu alimshushia vipande kimoja kimoja asije akajikata, kisha wakafagia wote wawili.

Miezi sita ilipokwisha, fundi mwenye ufunguo akiwa likizo, lori lilelile lilitoka matengenezoni likiwa na gurudumu la mbele la kufungwa. Meneja akaja mwenyewe uani, akampa Askofu ufunguo bila hotuba. "Dereva akikubali," akasema tu.

Dereva alikuwa Konokono. Bega lilikuwa limepona, ila sasa alikuwa na desturi mpya. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaketi hatua tatu kutoka kwenye gurudumu na kutazama. Madereva wengine waliacha mazungumzo yao. Askofu alivua kofia, akaomba, kisha akazima simu na kuiweka juu ya benchi la kazi mbele ya wote. Alikaza nati kumi kwa mkono. Akavika spana bomba lake, akaiegemea, chuma kikalia mara kumi. Akazirudia tena, mara ya pili, jasho linamtoka. Hapo ndipo alipochovya brashi.

Konokono alisimama. Alilizunguka lori lote polepole, akarudi mbele, akainama na kutazama mistari mmoja mmoja kwa macho yake mwenyewe.

"Fundi," akauliza, "zimekazwa?"

"Nimezikaza," akasema Askofu.

Konokono akapanda, akawasha, akapiga honi moja fupi, akatoka getini kwa mwendo wake uleule.